Aliwahamisha Nyigu, Sisi Akatuacha

Alikuwa na sigara moja aliyoibandika mdomoni tangu asubuhi mpaka alasiri bila kuiwasha. Moshi, alisema, unawalevya nyigu wake. Akiwa ndani ya shamba la muhogo, sigara ilikaa pale kwenye pembe ya mdomo, imelowa mate, inachezacheza anapoongea, usijue anakutukana wewe au anaitukana sigara. Akimaliza kazi akavuka kijito, akikanyaga tu ng'ambo, ndipo anatoa kiberiti. Nilimwona akifanya hivyo miaka yote niliyoishi pale. Kila mtu alimwita Bwana Shamba, nami nitamwita hivyo. Jina lake nalijua. Wale wengine nitawataja, kwa sababu walijua wanafanya ubaya na ubaya wenyewe ukawanogea. Huyu ni wa namna nyingine, na mpaka leo sijapata pa kumweka.

Nalisema mapema ili mtu asisome akitafuta mambo mengine. Bwana Shamba alikuwa na neno moja ambalo lingeokoa shamba letu, na shamba lile ndilo lililokuwa chakula cha mwanangu. Aliulizwa mbele ya kijiji kizima. Hakulisema.

Tulikuwa wakimbizi wa Kirundi, watu wa kuja. Tuliingia kwa mtumbwi kutoka Kagunga mpaka Kibirizi, mimi, mama yangu, na binti yangu Esperansi mgongoni, ana miezi mitano. Baba yake alibaki kule, na nikisema alibaki nadhani inaeleweka. Tukapewa vipande vya ardhi bondeni, nyuma ya kijiji kimoja kilichoko milimani juu ya Ujiji, ng'ambo ya kijito. Wenyeji upande huu, sisi upande ule. Wenyeji walitupa mbegu za muhogo, miti mikavu ya muhogo mchungu ambayo wao hawakuitaka, tukaikata vipande tukaipanda. Sisemi hawakutupa kitu. Walitupa.

Muhogo ulipofika magotini, vilele vikaanza kukunjamana kama ngumi ya mtoto mchanga. Ukifunua majani, chini kumejaa kitu cheupe, kama mtu amepita akanyunyiza unga. Majani yakadondoka. Mti ukabaki fimbo. Sombe, ile mboga ya majani yake, hakuna, na muhogo chini unakuwa mwembamba kama kidole, umejaa nyuzi. Mashamba yote yalikuwa hivyo, ya kwetu na ya kwao. Hapo ndipo Bwana Shamba akaanza kuvuka kijito.

Siku ya kwanza alikuja na sanduku la kubebea barafu begani, akasimama kando ya shamba letu bila hata hodi. Mama akamsalimu kwa Kirundi chake, kisha kwa Kiswahili alichokuwa ameokota njiani. Bwana Shamba hakuitikia. Akatoa kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, akainama, akatazama chini ya jani muda ambao mtu angepika uji ukaiva. Kisha akasema, "Vizuri. Hamjatia dawa."

"Dawa tungeitoa wapi, muzee?" mama akamjibu.

"Ndiyo nasema vizuri."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Umaskini wako kwake ulikuwa habari njema. Wenyeji walikuwa wananunua dawa ya pamba kwa mtendaji wa kijiji, Gervasi Nyamwero, aliyeiuza kwa mlango wa nyuma nyumbani kwake. Dawa yenyewe ililetwa na mwenyekiti, Ramadhani Kihoza. Hawa wawili nawataja kwa majina kamili, na kama wana wajukuu wanaosoma, wasome. Waliinyunyiza ile dawa kwenye muhogo, yule mdudu mweupe, kidung'ata, akaicheka, kwa sababu amejifunika nta mwili mzima. Waliokufa walikuwa nyigu wa Bwana Shamba. Alikwisha wafungulia ng'ambo ile mara mbili, na mara zote mbili walikufa wote. Kwetu, watu tusio na kitu, waliishi.

Nyigu wenyewe usifikiri ni wale wa kuuma. Ni wadogo kuliko usubi. Aliwabeba ndani ya vichupa vya kioo vilivyofungwa kwa kitambaa, alfajiri jua halijakaza, akavifungua kimoja kimoja chini ya majani, huku akinong'ona. Ananong'ona kweli, nilimsikia: "Haya, tokeni mama zangu, tokeni. Polepole." Mtu huyu aliyekuwa akinipita njiani bila salamu alimwita mdudu mama. Mama Skola, jirani yetu, mwanamke wa Kiha aliyekuwa na mdomo, alisimama ng'ambo na ndoo yake kichwani akapiga kelele: "Bwana Shamba! Mkeo nyumbani unambembeleza hivyo?"

"Mke wangu hali vidung'ata," akajibu bila kugeuka.

"Ndiyo maana kakukimbia!"

Watu kijitoni wakacheka mpaka mmoja akaangusha sufuria. Yeye akaendelea na vichupa vyake. Mke alikuwa amemkimbia kweli.

Nitasema alivyokuwa na mikono. Alikuwa na mikono mikubwa, ya kupigia kasia, na kucha zilizokatwa fupi kuliko za muuguzi. Aliiosha kwa majivu, si kwa sabuni, kwa sababu ya harufu. Kwa mikono ile aliweza kufunua jani lililokunjamana lisichanike. Mtoto akilia karibu naye alikuwa anakunja uso kama amekanyaga mwiba. Hakuwahi kumuuliza mtoto yeyote jina. Wote waliitwa "wewe," na wakubwa pia waliitwa "wewe," ila mama yangu ambaye baada ya muda alimwita "wewe mama."

Na alikula kwetu. Hilo nalo nitaliandika, maana lingekuwa jepesi kuandika kwamba alitudharau. Kwa mwenyekiti Kihoza alikuwa akikaribishwa kwenye samaki, mgebuka mzima uliokaangwa kwa mawese, anasema ameshiba. Kwetu alikaa chini kwenye mkeka, akamega bugali wa muhogo na mboga ya majani ya maboga isiyo na chumvi, akala mpaka akafuta sahani kwa kidole. Mama alikuwa anaona ni heshima. Mimi wakati ule pia niliona ni heshima. Sasa sijui. Labda mtu hula anapotaka kuwa karibu na shamba lake.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la usafi. Mama yangu hakuweza kuvumilia uchafu. Katika kambi ya kwanza tuliyopita alikuwa anafagia mpaka mbele ya hema za watu wengine. Wiki ya tatu baada ya vichupa, aliona kwenye majani, katikati ya wale weupe, vitu vingine vimetokea: vya kahawia, vigumu, vimevimba kama punje ya mtama. Akaona ugonjwa umezaa. Akapita mti kwa mti, akavibandua kwa ukucha, akavijaza kwenye kipande cha kanga, akaenda kuvichoma jikoni. Bwana Shamba akafika akamkuta anafunga fundo la pili.

Sijawahi kusikia mtu mzima akipiga kelele vile bila kuwa amepigwa. Alimtukana mama yangu, mwanamke mkubwa kuliko yeye. Alimwita mjinga, alimwita muuaji. Kisha akapiga magoti, akaifungua ile kanga, akaanza kuvirudisha vile vitu kimoja kimoja juu ya majani.

"Wewe mama. Unaona hawa wa kahawia? Hawa wamekufa. Ndani yao ndimo walimo wa kwangu. Nyigu anataga yai ndani ya kidung'ata, mtoto anamla yule mdudu kwa ndani mpaka anabaki ganda. Siku zikitimia anatoboa, anatoka."

Mama akamtazama. "Muzee, mimi wafu nimewaacha kule kwetu. Ningejuaje kama huku wana kazi?"

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka, meno yake yalikuwa mazuri. Akanivulia kile kioo shingoni akanipa, akanionyesha pa kutazama. Nilimwona mmoja anatoka. Kwanza kitundu, duara kabisa kama kimepigwa na sindano. Kisha vipapasio, vinapima hewa. Kisha kichwa. Kisha akakaa juu ya ganda la yule aliyemla, akajifuta mabawa. Esperansi alikuwa mgongoni anavuta nywele zangu na mimi nimeinama vile, sitaki kuondoka. Miezi yote tangu tuvuke nilikuwa nikitazama migongo ya watu kwenye foleni. Yule bwana alinipa kitu cha kutazama. Namdai mengi lakini hilo siwezi kumnyang'anya.

Alikuwa na misemo yake. Alipenda kusema, "Shamba safi ni shamba lililokufa." Alipenda kusema, "Mdudu hana haraka, mwenye haraka ni tumbo lako." Huu wa pili aliutumia kutukataza kuchuma sombe. Majani machanga ya juu, yale laini mtu anayoyataka kwa kutwanga, ndiyo yaliyokuwa na maganda ya kahawia. Alitwambia tusiguse kilele hata kimoja mpaka nyigu watoke. Fikiria: watu wenye njaa, mboga iko mlangoni, na unaambiwa uwaachie wadudu. Majirani zetu wakimbizi wengine walimcheka, wakachuma. Mama alikataa. Alisema aliyemla mdudu kwa ndani akatoka na mabawa, huyo ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu hungojewa. Tukala majani ya maboga.

Na kazi ikaenda. Kufikia mvua za vuli wale weupe walikuwa wamepungua, vilele vikafunguka, majani yakakaa sawa kama kiganja. Watu wa ng'ambo ile walikuwa wakisimama kijitoni wanatazama mashamba ya Warundi yana kijani na ya kwao fimbo tupu. Mtu akitazama hivyo siku nyingi hali nzuri haitokei. Ningekuwa na akili ya sasa, ningeogopa.

Siku moja tuko naye shambani, mama akamuuliza, "Muzee, ni kweli wanavyosema, kwamba huyu mdudu tulimleta sisi, kwenye mbegu?"

Akatoa daftari lake mfuko wa shati, daftari la shule lenye jalada lililochakaa, akalamba kidole, akafunua. "Tazama. Hapa ndipo nilipomwona mara ya kwanza. Mwaka mmoja kabla hamjaja. Unajua shamba la nani?" Akanyoosha mkono ng'ambo, juu ya kilima. "Kihoza. Mbegu alizileta kwa lori kutoka huko alikokwenda. Na hizo mlizopewa nyinyi zimekatwa kwake."

Mimi nimesoma mpaka la nne, na la nne lenyewe kwa Kirundi na Kifaransa cha kuimba. Lakini jina niliweza kulisoma. Lilikuwa limeandikwa kwa wino wa buluu: Kihoza. Basi alijua. Asije mtu akaniambia hakujua.

Dawa ya Kihoza na Gervasi ikawa haiuziki vizuri, maana watu walianza kusema mbona wasio na dawa ndio wenye muhogo. Hapo ndipo maneno yakabadilika. Ikawa: kwa wakimbizi ndiko wadudu wanakozaliwa. Ikawa: wanafuga. Gervasi alisimama sokoni akasema, "Bwana Shamba ametuonyesha mwenyewe, anawafungulia wadudu kwa Warundi. Kwa vichupa! Nani hakumwona?" Na kweli kila mtu alikuwa amemwona.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa, na wiki ile kabla yake Bwana Shamba alikuja kwetu siku tatu mfululizo, na magunia. Alikuwa na haraka. Sigara ilikuwa mdomoni lakini ameitafuna, tumbaku imemshika midomoni. Alitaka tumsaidie kukata vilele, vile tu vyenye maganda ya kahawia, na tuvipange ndani ya magunia bila kushindilia. Tukamsaidia. Mimi na mama na Esperansi amekaa chini kwenye kivuli cha muhogo, anatembea sasa, anachezea vijiti. Tuliimba hata. Nilidhani anawapeleka kwa watu wengine wenye shida, nikaona fahari: hata sisi tuna cha kutoa. Mama alimuuliza, "Vyote, muzee? Humwachi hata mmoja wa mbegu?"

"Vyote," akasema. "Upesi."

Siku ya tatu alipofunga gunia la mwisho alisimama kidogo. Alimtazama mama kama anataka kusema kitu. Akasema, "Bugali wako ni mzuri, wewe mama." Akaenda. Tulicheka nyuma yake, tukasema leo kajifunza adabu.

Mkutano ulikuwa Jumatatu, mbele ya ofisi ya kijiji. Sisi tulikaa upande wetu, chini. Kihoza akaongea muda mrefu juu ya ukarimu wa kijiji. Kisha akasema wadudu wameingia na mizigo ya wakimbizi. Mama yangu akasimama, bila kuruhusiwa.

"Mwenyekiti, nilivuka ziwa na sufuria na mjukuu. Muhogo ningeubeba kwa meno?"

Watu wakacheka, hata wenyeji. Mama Skola akapiga makofi. Kwa dakika moja ilikuwa kama tunaweza kushinda. Kihoza akaona. Akageuka kwa Bwana Shamba, aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu na Gervasi, akamuuliza kwa sauti ya juu, taratibu: "Mtaalamu yuko hapa. Tusibishane. Bwana Shamba, wadudu hawa walianzia kwa nani?"

Daftari lilikuwa mfukoni mwake, naliona, limeinua kitambaa cha shati. Mama alikuwa bado amesimama, anamtazama kama mtu anayengoja mwanawe asome barua. Bwana Shamba akatazama viatu vyake. Akasema, "Utaratibu wa kuchoma mashamba yaliyoathirika upo."

"Umeulizwa walianzia kwa nani," Mama Skola akapaza.

"Utaratibu upo," akasema tena.

Mama akakaa.

Mgambo walikuja kesho yake asubuhi. Muhogo mbichi hauungui. Wageni hawajui hilo. Uking'oa ukaukusanya ukaumwagia mafuta ya taa, unachemka, unatoa povu kwenye ncha na sauti kama ya mtu anayenong'ona. Walilazimika kurudi siku mbili. Mama alikaa katikati ya shamba, na Kihoza mwenyewe akamwambia, "Mama, toka, tusije tukakuchoma pamoja na fimbo zako." Mimi ndiye niliyemvuta. Muhogo ulikuwa umebakiza miezi michache tu uvunwe.

Na ng'ambo ya kijito, wiki hiyohiyo, dawa ikapigwa marufuku. Mwenyekiti alitangaza mwenyewe: atakayeonekana na dawa ya pamba kwenye muhogo faini. Watu wakashangaa. Magunia yetu yalikuwa yamefunguliwa katika mashamba yao, kilele kimoja kila baada ya miti kadhaa, nilikwenda nikaviona, vimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Nilivitambua, nilikuwa nimevikata kwa mkono wangu. Hapo ndipo nikaelewa tuliimba kwa ajili ya nini.

Msimu uliofuata muhogo wao ulisimama vizuri. Hata sisi walitupa kibarua, tukaulima huko, na tulilipwa kwa muhogo. Bonde zima lilipona. Nimesikia vijiji vya mbele pia, mpaka ufukweni, kwa sababu nyigu wakishashika hawahitaji mtu tena. Watu wengi walikula kwa sababu ya mtu yule. Naandika hivyo bila kung'ata meno, au nayang'ata lakini naandika.

Lakini kati ya moto na msimu huo kulikuwa na miezi. Tuliokota ile mizizi michanga kwenye majivu, michungu kama sumu, na sumu ndiyo. Muhogo ule unavundikwa majini siku tatu, nne. Mama alisema siku tatu. Mtoto alikuwa analia, si kilio cha ukaidi, kile kingine, cha chini, cha mtoto aliyechoka kulia. Nilingoja siku moja. Nikautoa, nikautwanga, nikampikia mchana. Alikula kwa furaha, alinyoosha mkono aongezwe. Jua lilipokuwa linashuka ziwani alikuwa ametapika, amelegea, amekata roho mikononi mwa mama yangu. Esperansi. Alikuwa ameanza kusema maneno, neno lake la mwisho kujifunza lilikuwa "oya," yaani hapana kwa Kirundi, alilipenda, alilisema kwa kila kitu.

Basi wa kwanza ni Ramadhani Kihoza. Wa pili ni Gervasi Nyamwero. Wa tatu ni mimi. Hao wawili walizikwa kwa heshima na hakuna mtu aliyewauliza.

Huyu wa nne nilimkuta miaka mingi baadaye, Mwanga, karibu na Ujiji, sokoni. Mimi nauza unga wa muhogo pale, nina meza yangu, watu wananijua. Alikuja mzee, fimbo mkononi, shati jeupe limefuliwa mpaka limekuwa la maziwa. Hakuwa na sigara. Mimi nisingemjua, ila aliingiza mkono kwenye gunia langu la unga akauchezea kwa vidole, na nikaitambua mikono.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unga mzuri. Wa wapi?"

"Wa bondeni kwenu, Bwana Shamba."

Akainua uso. Macho yake yalikuwa na ukungu. Nikamwambia mimi ni nani, shamba gani. Kisha akasema, kwa furaha kabisa, "Ah! Lile la ng'ambo ya kijito, kona ya chini. Pale walishika wiki ya tatu. Hakuna mahali walishika upesi kama pale."

"Pale."

"Mama yako alikuwa anapika vizuri."

"Alifariki. Bwana Shamba, ulikuwa na daftari mfukoni siku ile. Kwa nini hukusema?"

Hakujifanya hakuelewa. Nampa hiyo. Alijiegemeza kwenye meza yangu, akaongea taratibu kama mtu anayefundisha. "Kihoza aliniita kabla. Alisema, nikimtaja, atapiga dawa kila shamba, lenu na la kila mtu, mwaka baada ya mwaka, na vichupa vingine sikuwa navyo. Nikikaa kimya wakachoma ya kwenu, dawa anaisimamisha. Alitaka mtu wa kulaumiwa, basi. Nikamwomba siku tatu. Nikawatoa wadudu wangu kwanza."

"Ukatuacha sisi."

"Nilichagua bonde."

"Na ingekuwa leo?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, niliona. "Leo ningefanya vilevile. Ungetaka nikudanganye?"

Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo kusikia mtu anasema naomba radhi, nimeyaandaa mpaka majibu. Nikamwambia tu, "Mwanangu alikufa. Baada ya moto."

"Ulikuwa na mtoto?"

Alikuwa amekaa kivulini mita mbili kutoka kwake siku tatu nzima. Alikuwa ameliona hilo shamba jani kwa jani.

"Nilikuwa naye," nikasema. "Esperansi."

Hakusema pole. Midomo yake ilicheza, kama zamani, bila kitu ndani. Watu walikuwa wanapita na vikapu, mwenzangu wa meza ya pili anaita wateja. Mwishowe akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa vizuri, akaufungua juu ya meza. "Nipimie kisado kimoja, mama."

Magunia yangu matatu yalikuwa wazi mbele yake, yamejaa mpaka mdomoni.

"Umekwisha," nikamwambia.

Akayatazama magunia. "Haya," akasema. "Nitapita tena."

Mwenzangu akanijia juu: mzee wa watu, una roho gani, unga huo si huo hapo?

Wauza unga tuko tisa kwenye safu ile, na wengine wanauza rahisi kuliko mimi. Kila Jumamosi anakuja kwangu. Anasimama, anafungua mfuko, anasema nipimie kisado kimoja, mama. Nami namwambia umekwisha.